Kituta cha Upande wa Kushoto

Tarehe 6 Februari

Wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, ila mimi kichwa kinaniuma kwa sababu utakayoisoma hapo chini. Binti yetu na mumewe wameshahamia kwao na wameanza kulalamika kuhusu bomba linalovuja. Lile jino lililonivimbisha shavu siku ya harusi yao nimeshaling'oa. Picha zimekuja, na katika zote nimetoka kama mtu aliyeficha limau mdomoni. Wewe umetoka vizuri, kama kawaida yako.

Simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la nguo, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Na hata ingekuwa nzima nisingepiga. Siku hizi kaka yako akiwa barazani anasikia kijiko kikigusa kikombe huku jikoni.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yako amechimba uani. Hajachimba shimo la taka wala msingi wa chumba. Amechimba ua wote wa nyuma, kuanzia mlango wa jikoni mpaka ukutani. Nguzo za kamba yangu ya nguo zimehamishiwa pembeni, na bustani yangu ya mboga sasa ni kifusi. Nilipomuuliza akasema, "Natengeneza kiwanja cha gofu." Si kile kikubwa cha matajiri. Ni hiki kidogo, cha kusimama karibu na shimo na kuusukuma mpira uingie. Anataka awe anafanya mazoezi nyumbani.

Mazoezi ya nini, wifi? Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na moja na sijawahi kumwona ameshika fimbo ya gofu. Tangu aache kazi kiwandani Desemba, ile ya kusoma kurasa na kutafuta makosa kabla hazijachapwa, anasema amechoka na wino na hataki kugusa hata gazeti. Nimsomee mimi. Eti sauti yangu inamtuliza. Miaka yote hiyo sauti yangu ilikuwa inampigia kelele, leo inamtuliza.

Wewe umezaliwa naye. Niambie ana nini. Kama akili inaanza kumhama, niambie. Kama ameamua kuniondolea vitu vyangu kimoja kimoja mpaka niondoke mwenyewe, niambie pia, nijue nasimama wapi.

Wifi yako, mwenye nguo zisizo na pa kuanikwa


Tarehe 27 Februari

Wifi,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma taratibu, siku mbili. Pole kwa mboga. Pole kwa jino pia, ingawa siku ile nilijua ni limau.

Huku kazi inaendelea. Hospitali hairarui mashuka kidogo. Nimehamishwa kutoka kwenye cherehani, sasa nakunja tu na kupanga kwenye rafu. Msimamizi anasema ni kwa ajili ya mgongo wangu. Mgongo wangu hauna neno, lakini nimekubali, maana kukunja hakuna ugomvi na mtu. Mpangaji wa chumba cha pili amehama na kuniachia paka.

Kuhusu kaka. Unajua baba yetu alikuwa mtunza nyasi kwenye klabu ya gofu, miaka mingi kabla hujaingia katika ukoo huu. Tulikulia nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi. Kwa hiyo mimi sikushangaa ulivyoshangaa wewe. Mtu akizeeka hurudia aliyoyaona utotoni.

Swali lako la mwisho nimeliona. Kaka hajawahi kutaka uondoke, hilo naliapa. Mengine muulize mwenyewe. Mwache amalize kiwanja chake, na ukimpenda usimcheke.

Wasalimie wote. Paka hajambo.

Wifi yako wa mashuka


Tarehe 15 Machi

Wifi yangu,

Natumaini umzima, wewe na paka. Binti yetu anakusalimu, bomba limezibwa na sasa paa linavuja. Nikuulize jambo dogo kwanza. Barua yako ina kurasa nne na maneno ya ukurasa mmoja. Herufi kubwa hivyo umeanza lini? Na mistari inapanda kama ngazi. Kama mnagawiwa karatasi bure huko hospitali, nitumie na mimi.

Nilimuuliza mwenyewe kama ulivyosema. Akaniambia, "Bibie, kikiisha utaelewa." Kinakaribia kuisha na sielewi.

Fundi aliyemleta unamjua kwa sifa. Ni yule anayeitwa Pimamaji, kwa sababu hatembei bila kile kipimo chake chenye tone la hewa katikati. Akija kunywa chai hukiweka kwanza juu ya meza yangu, akatikisa kichwa, ndipo anakaa. Walichimba, wakamwaga kokoto, wakashindilia, kisha vumbi la mawe, wakashindilia tena mpaka vikombe vyangu vikacheza kabatini. Mpaka hapo Pimamaji alikuwa mtu mwenye furaha. Uwanja ulilala kama maji kwenye sinia.

Ndipo kaka yako akavua viatu. Akaingia peku, akafumba macho, akaanza kutembea taratibu huku akihesabu. Akasema, "Hapa ongeza. Hapa pandisha kidogo. Kulia mteremko mrefu, kushoto kituta, karibu na shimo." Pimamaji alinitazama kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Walibishana siku tatu. Mwishowe kaka yako akashinda kwa kuwa ua ni wake, vituta vikajengwa, na zulia la nyasi bandia likatandikwa juu yake. Pimamaji alipokuwa anaondoka alinivuta pembeni. "Mama, naomba usimwambie mtu ni mimi niliyefanya hii kazi."

Sasa kila asubuhi naosha vyombo huku namtazama dirishani. Anausukuma mpira, hautazami unakokwenda. Anasimama kimya, kichwa ameinamisha upande mmoja. Kisha anatembea peku mpaka ulipo, anainama na kuuokota. Mara nyingine amefumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Nimeanza kudhani amejiunga na dini ambayo mimi sijatambulishwa.

Wifi, sichekeshi. Naogopa. Tunakula meza moja na simjui mtu ninayekula naye. Kuna kitu unakijua. Wewe si mtu wa kuandika sentensi kama ile ya mtu akizeeka.

Wako, mwenye dirisha


Tarehe 11 Aprili

Wifi,

Salamu. Wiki nne sijapata jibu lako. Posta wananiambia hawana kitu changu. Kama umekasirika kwa ajili ya utani wa herufi, nisamehe.

Kaka yako amesafiri jana, siku kumi, eti kuwaona wenzake wa zamani wa kiwandani. Mkwe wetu amekwenda naye. Sijui tangu lini wamekuwa marafiki wa kusafiri pamoja. Mkwe ndiye aliyebeba mkoba, ndiye aliyekata tiketi, na kaka yako akamshika bega kama bwana harusi.

Nimekaa peke yangu nikafikiri. Nimemnung'unikia mtu huyu tangu Februari. Kiwanja nimekikataa, mboga nimemhesabia, na yeye hajanijibu neno baya hata moja. Nimeona aibu. Kwa hiyo nimeamua kumfanyia jambo jema. Juzi nikianika nguo nilijikwaa kwenye kile kituta cha kushoto nusura nivunjike mkono. Nimemwita Pimamaji. Nusura alie kwa furaha. Jumatatu tunakunja zulia, tunakwangua vituta vyote, tunashindilia, tunatandika upya. Pimamaji hataki hata malipo, anasema anasafisha jina lake. Kaka yako akirudi atakuta kiwanja kimenyooka kama vile vya kwenye televisheni, na atajua kwamba nimekubali mchezo wake.

Niombee kimfurahishe.

Wifi yako


Tarehe 19 Aprili

Wifi,

Sina salamu leo, utanisamehe. Barua yako imefika sasa hivi.

Usiguse kituta. Usimruhusu fundi aguse chochote, si kulia, si kushoto. Kama zulia limeshafunuliwa, lirudisheni kama lilivyokuwa. Sababu nitakuambia, naahidi, lakini kwanza usiguse.

Wifi yako


Tarehe 2 Mei

Wifi,

Hatujambo, ikiwa neno hilo bado lina maana.

Barua yako ya tarehe kumi na tisa imefika juzi, tarehe thelathini. Ilipelekwa mtaa mwingine kabisa kwa sababu namba ya sanduku letu uliiandika juu ya stempu. Karani wa posta amenionyesha bahasha. Kaka yako alirudi tarehe ishirini na moja. Kwa hiyo unajua ulichelewa kiasi gani.

Nitakueleza ilivyokuwa. Alifika mchana, jua kali, mkwe akamfikisha mlangoni na kuondoka haraka. Nilimshika mkono nikampitisha jikoni mpaka mlango wa nyuma. Pimamaji alikuwa amesimama ukutani na shati safi. Nikamwambia, "Haya, tazama." Akatazama. Wifi, alisimama akatazama ua mzima, vituta vimekwisha, kila kitu kimelala bapa, halafu akasema, "Pazuri. Mmefagia."

Nikadhani ananitania. Pimamaji akacheka kidogo. Kaka yako akavua viatu, akachukua fimbo yake, akaingia. Alitembea kama anavyotembea kila siku, hatua kumi na moja, na ya kumi na mbili akainua mguu kupanda kile kituta. Hakikuwepo. Mguu ulishuka kwenye hewa kama mtu aliyedhani bado kuna ngazi moja, akaenda chini kwa magoti.

Hakulalamika. Aliinuka, akarudi mlangoni, akahesabu upya. Hatua kumi na mbili, hakuna kitu. Akaenda kulia kutafuta mteremko. Hakuna kitu. Akapiga magoti, akaanza kupapasa zulia kwa viganja vyote viwili, huku na huku. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibie, umenileta nyumba ya nani?"

Nikamwambia, "Ni hapa hapa nyumbani. Tumekusawazishia, si unaona?"

Akaendelea kupapasa. Pimamaji alivua kofia, akapita ukutani akaenda zake. Ndipo nikasema lile neno ambalo miezi yote sikulifikiria hata mara moja. Nikamwambia, "Huoni."

Anaona mwanga, wifi. Anaona vivuli vikipita. Hao wenzake wa kiwandani walikuwa madaktari wa macho, na wamemwambia hawana la kufanya zaidi. Uso wangu mara ya mwisho ameuona vizuri siku ya harusi ya binti yetu. Siku ile nilikuwa na shavu limevimba. Huo ndio uso alionao wa kukaa nao maisha yake yote, na nimelia kwa hilo kuliko kwa mengine, hata kama ni upuuzi.

Nina hasira na wewe. Ulijua. Mkwe wangu alijua. Mimi niliyekuwa namsomea gazeti sikujua. Tangu siku ile hajaingia tena uani. Amekaa kwenye kiti cha barazani, mikono juu ya magoti, kutwa nzima. Niambie nilibomoa nini.

Wifi yako


Tarehe 20 Mei

Wifi yangu,

Salamu zako nimezipata, na hasira pia nimeipata, ni haki yako. Sijui nianzie wapi kwa hiyo naanza na baba.

Baba alipofika umri wa kaka, macho yalimwishia vivyo hivyo, pole pole, kutoka pembeni kuja katikati. Baba yake naye yalimwishia. Klabu walitaka kumwondoa. Kabla hawajamwondoa akawaambia waende naye kwenye kiwanja cha shimo la tisa. Akavua viatu, akatembea juu ya nyasi, akawaonyesha mahali mashine ilipokata chini mno na mahali ardhi ilipoanza kudidimia. Mafundi wenye macho hawakuwa wameona. Wakamwacha kazini miaka minane mingine. Kila alfajiri alitembea peku kwenye viwanja vyote, na wachezaji wakubwa wakubwa walimngoja awaambie mpira utapinda wapi. Baba hakuwahi kukaa kwenye kiti barazani.

Sisi watoto alitufundisha kwenye shimo hilo la tisa. Alitufunga macho kwa kitambaa cha mama. Kaka alipewa upande wa kulia, mimi wa kushoto, tukajifunza kila kituta kwa nyayo. Tulidhani ni mchezo. Baadaye tukaelewa alikuwa anatuandaa.

Kile ndicho kiwanja alichokijenga kaka uani kwako. Alitaka awe na mahali pamoja duniani ambapo hahitaji kushikwa mkono. Alisema kwanza ajue anaweza, ndipo akuambie. Alinifunga kwa kiapo, na mimi nikaona ni afadhali uone kwa macho yako mtu anayejiweza kuliko usikie habari za mtu anayepofuka. Nilikosea. Nilipaswa kuvunja kiapo Februari.

Hukubomoa kwa ubaya, na yeye anajua. Mtoe kwenye kile kiti, wifi. Tafadhali.

Mimi sijambo. Nakunja mashuka.

Wifi yako


Tarehe 16 Juni

Wifi yangu,

Salamu, na mara hii ni salamu za kweli. Paa la binti yetu limezibwa. Simu mpya nimeletewa na mkwe, katika kujipendekeza, lakini haya nayaandika kwa kalamu kwa sababu ningelia nikiyasema.

Nilimsomea kaka yako barua yako, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Amesahau kwamba upande wa kushoto ulikuwa mgumu zaidi." Nikamwambia basi twende ukanionyeshe. Akakataa siku mbili. Siku ya tatu nikamwita Pimamaji, nikafunua zulia mwenyewe kwa makelele ili asikie, akaja.

Ungemwona Pimamaji. Kipimo chake amekiacha nyumbani. Kaka yako anatembea peku juu ya vumbi la mawe na kusema ongeza, punguza, hapana umezidisha, na Pimamaji anachota kwa mwiko mdogo kama anayepamba keki, na kila jioni ananiuliza, "Mama, leo hajanipenda?" Upande wa kulia umekamilika na zulia limetandikwa. Na mimi nimepata kazi. Nasimama penye shimo na kugonga lile kopo la ndani kwa kijiko, ngo ngo ngo, naye anasukuma mpira kufuata sauti. Jana aliingiza minne kati ya sita. Mpira ukidondoka ndani anacheka kabla mimi sijasema. Kwa kweli nimeanza kuupenda mchezo huu wa ajabu.

Kuhusu uso wangu, nimemshika mkono nikauweka shavuni. Nikamwambia, uvimbe umekwisha, hakikisha. Alihakikisha kwa muda mrefu sana mpaka nikaona haya.

Ila upande wa kushoto hatuuwezi. Amejaribu mara tano, kila mara anasema kituta si chenyewe, na kwamba hata kile cha kwanza alikikisia tu. Anakumbuka kilikuwepo, hakumbuki kilivyokuwa, kwa sababu hakikuwa cha kwake. Kilikuwa chako.

Sasa sikiliza, wifi, na usinijibu kwa habari za paka. Herufi zako zimekuwa kubwa. Mistari inapanda. Barua yangu uliisoma siku mbili. Namba ya sanduku uliiandika juu ya stempu. Wewe uliyeshona mashuka miaka ishirini umehamishwa kwenye kukunja, kazi ya mikono mitupu, na unaniambia ni mgongo ambao hauna neno. Nimeishi na kaka yako miezi yote ile nisione kilicho mbele yangu. Mara ya pili sikubali.

Upande wa kushoto tumeuacha wazi. Haujashindiliwa wala kutandikwa zulia, na nimemwambia Pimamaji asiuguse mtu yeyote. Chumba cha binti yetu kiko tupu na nimekipaka rangi, ingawa rangi yake sitakuambia kama ni nzuri. Paka aje pia. Nina vijiko viwili.

Wifi yako


Tarehe 1 Julai

Wifi yangu,

Mwandiko huu si wangu. Nimemwomba mwenzangu wa chumba cha mashuka aandike, na yeye anakusalimu ingawa hamjuani. Amenisomea barua yako mara mbili wakati wa chakula cha mchana, na mara ya pili alishindwa kufika mwisho, ikabidi tungoje.

Umesema kweli, yote, kuanzia herufi mpaka stempu. Ni mwaka wa pili sasa. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na mmoja wa kubeba, na kwa sababu niliona haya, basi.

Nimeacha kazi Ijumaa. Mkwe wenu atakuja kunichukua Alhamisi ijayo, na nimemwambia asinishike bega, nitamshika mimi. Paka anakuja ndani ya kikapu na hajafurahi.

Jana nilivua viatu nikatembea huku chumbani, nimesimamisha kumbukumbu zangu zote kwenye nyayo. Mwambie kaka kituta cha kushoto kilikuwa kirefu kuliko anavyodhani, na kilikuwa na kishimo kidogo nyuma yake ambacho baba alituficha tukigundue wenyewe. Mimi nilikigundua. Sikuwahi kumwambia kaka.

Mwambie na Pimamaji, msikiguse mpaka nifike.

Wifi yako